Jana ulikula nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusimulia mlo uliopita kwa Kifaransa

Ukurasa huu ni wa mtu anayejifunza Kifaransa huku akifikiri kwa Kiswahili: mwanafunzi wa sekondari, mwongoza watalii wa Arusha au Unguja, mhudumu wa hoteli, mfanyabiashara anayevuka mpaka kwenda Goma au Bujumbura. Chakula ndiyo mada ninayopenda kuanzia ninapofundisha wakati uliopita, kwa sababu hakuna anayekosa la kusema. Kila mtu alikula kitu jana, na kama hakula, hilo nalo ni sentensi.

Passé composé ni nini, na huundwaje?

Ni wakati uliopita wa mazungumzo ya kila siku. Una vipande viwili: kitenzi kisaidizi, mara nyingi “avoir”, kisha kitenzi chenyewe katika umbo liitwalo participe passé. Kwa “manger”, kula, tunapata: j'ai mangé, tu as mangé, il a mangé, elle a mangé, on a mangé, nous avons mangé, vous avez mangé, ils ont mangé, elles ont mangé. Kinachobadilika ni kisaidizi tu. “Mangé” inabaki palepale.

Wengi hukwama kwenye “ai” kwa kuwa walifundishwa kwamba “j'ai” ni “nina”. Ni kweli ukisema “j'ai un couteau”, nina kisu. Lakini ndani ya “j'ai mangé” maana ya kumiliki imeondoka, na neno hilo linafanya kazi ya -li- au -me- katika kitenzi chetu. Lichukue lote kwa pamoja, “j'ai mangé”, nilikula, wala usitafute “nina” imejificha wapi.

“Nilikula” na “nimekula”: Kifaransa kinazitofautishaje?

Ndani ya kitenzi hakizitofautishi. Zote mbili ni “j'ai mangé”. Tofauti hubebwa na maneno ya pembeni, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msemaji wa Kiswahili alijue mapema, kwa sababu lugha yetu inapambanua nyakati hizi kwa ukali kuliko Kifaransa. Ukisikiliza vizuri kiambishi unachotaka kutumia kwa Kiswahili, kitakuambia ni neno gani dogo la Kifaransa linahitajika.

“Jana nilikula samaki” ni “Hier, j'ai mangé du poisson.” Hapa “hier” ndiyo inayosema kwamba jambo lilikwisha jana. “Nimeshakula”, unapokaribishwa mezani, ni “J'ai déjà mangé.” “Sikula” ni “Je n'ai pas mangé”, ila “sijala” ni “Je n'ai pas encore mangé.” Usiidharau hiyo “encore”. Ukiiacha, mwenyeji wako ataelewa kwamba mlo umekupita, wakati wewe ulitaka ajue kwamba bado unausubiri.

“Umewahi kula konokono?” ni “Tu as déjà mangé des escargots ?” Neno ni lilelile “déjà”, safari hii likibeba -wahi. Jibu la “sijawahi” ni “Je n'ai jamais mangé d'escargots.”

“Nilikuwa nimekula” ni hatua moja nyuma zaidi: “J'avais mangé.” Na “nimetoka kula sasa hivi” huiachi passé composé itumike kabisa, unasema “Je viens de manger.” “Venir de” ni kuja kutoka mahali, kwa hiyo lugha hizi mbili zimekutana hapo bila kuambizana.

Na “nimeshiba”? Mbona naona “j'ai” haifanyi kazi?

Kwa sababu “nimeshiba” inaeleza hali uliyo nayo sasa, kama “nimechoka” au “nimekaa”. Kitendo kimekwisha, hali imebaki, na Kifaransa huieleza hali hiyo kwa wakati uliopo: “Je n'ai plus faim”, yaani sina njaa tena. Usitafsiri kushiba kwa “je suis plein”. “Plein” katika mazungumzo ya mtaani ni mtu aliyelewa, na “pleine” husemwa kwa mnyama mwenye mimba. Mezani kwa watu sema “Merci, j'ai très bien mangé.” Inatosha, na ni adabu.

Nimesikia mtu akisema “je suis mangé”. Ni sahihi?

Hapana. Maana yake ni “ninaliwa”. Kula huenda na “avoir”.

Ni participe passé zipi za chakula ninazopaswa kuzikariri?

Vitenzi vyote vinavyoishia na -er huchukua -é, kwa hiyo hivyo havihitaji kukaririwa: mangé, goûté (kuonja), commandé (kuagiza), préparé, grillé, coupé, acheté, payé. Vingi vya -ir huchukua -i: fini, choisi, servi. Kazi iko kwa vilivyobaki. Boire, kunywa, ni “bu”. Prendre, kuchukua, ni “pris”, na reprendre, kuongeza chakula, ni “repris”. Mettre, kuweka, ni “mis”. Faire ni “fait”, cuire ni “cuit”, frire, kukaanga kwenye mafuta mengi, ni “frit”. Offrir, kumpa mtu kitu kama zawadi au kumlipia, ni “offert”: “Il m'a offert un café”, alininunulia kahawa.

Kuhusu tahajia: “mangé” na “manger” hutamkwa sawa, na ndiyo maana watu huyachanganya kwenye maandishi, Wafaransa wenyewe wakiwamo. Weka mahali pake kitenzi kinachosikika tofauti, kwa mfano “vendre”, ambacho participe passé yake ni “vendu”. “J'ai vendu” inakubalika, basi andika “j'ai mangé”. “Je veux vendre” inakubalika, basi andika “je veux manger”.

Lini kisaidizi kinakuwa “être”?

Unapokwenda kula, si unapokula. Vitenzi vya kwenda na kurudi vinavyotokea katika masimulizi ya mlo ni aller, venir, arriver, entrer, sortir, rester, rentrer, partir, na hivi huchukua “être”. “Je suis allé au restaurant, je suis resté une heure, je suis rentré à pied.” Mwanamke huandika allée, restée, rentrée. Kundi la pili ni vitenzi vya kujifanyia: “Je me suis servi”, nilijipakulia, “Je me suis resservi”, nilijiongezea, “On s'est régalés”, tulikula tukafurahi kwelikweli. Hii ya mwisho ikariri kama ilivyo, maana inampendeza kila mpishi anayeisikia.

“Sortir” ina sura mbili, na Kiswahili kinakupa ufunguo wake. “Je suis sorti” ni nimetoka. “J'ai sorti le poulet du four” ni nimemtoa kuku kwenye oveni. Kutoka kunachukua “être”, kutoa kunachukua “avoir”.

Nimemaliza kula: “j'ai fini” au “je suis fini”?

“J'ai fini.” Ile nyingine ni “nimekwisha”, kwa maana ya mtu aliyeangamia. Mhudumu anayetaka kuondoa sahani huuliza “Vous avez terminé ?”

Kwa nini hawasemi tu “j'ai mangé riz”?

Kwa Kiswahili wali ni wali. Kwa Kifaransa jina la chakula haliendi peke yake baada ya kula au kunywa. Lazima litanguliwe na neno dogo linaloonyesha kama umekula kiasi chake, kimoja kizima, au kile kinachojulikana. Kiasi kisichohesabika ni “du” kwa jina la kiume, “de la” kwa la kike, “de l'” mbele ya vokali, na “des” kwa wingi. J'ai mangé du riz, du pain, du poulet. J'ai mangé de la viande, de la salade. J'ai bu de l'eau. J'ai mangé des haricots.

Badilisha neno hilo uone maana inavyogeuka. “J'ai mangé du poulet” ni nimekula nyama ya kuku, kipande au viwili. “J'ai mangé un poulet” ni nimekula kuku mzima. “J'ai mangé le poulet” ni nimemla yule kuku tuliyemzungumzia, pengine yule aliyekuwa amewekewa wageni, na sasa kuna maswali ya kujibu.

Ukitaja kipimo, yote hayo yanaondoka na “de” pekee inabaki: une assiette de riz, un verre d'eau, un morceau de pain, deux tasses de café, beaucoup de viande, trop de sel. Mwanafunzi aliyetoka kujifunza “du” na “de la” hutaka kusema “beaucoup du riz”. Mwambie mapema kwamba baada ya “beaucoup” ni “de” tu, kabla ulimi haujazoea.

Jinsia ya jina haina njia ya mkato. Jifunze chakula pamoja na neno lake dogo, kama vile mtoto wa kwetu anavyojua “embe hili, maembe haya” bila kufundishwa ngeli: le riz, le pain, le lait, le thé, le poisson, la viande, la sauce, la mangue, la banane, la soupe. Maji, “l'eau”, ni ya kike. Nanasi na parachichi, “l'ananas” na “l'avocat”, ni ya kiume.

Na ninapokanusha?

“Ne” na “pas” hukizunguka kisaidizi, si participe passé: Je n'ai pas mangé. Halafu “du, de la, des” zote hugeuka kuwa “de”: Je n'ai pas mangé de viande. Je n'ai pas bu d'eau. Lakini “le, la, les” hazigeuki: Je n'ai pas aimé la sauce.

Kwa “wala… wala” neno dogo huondoka kabisa: Je n'ai bu ni thé ni café. Kwa “ila… tu” linabaki, maana huko hujakanusha chochote, umekula hicho kimoja: Je n'ai mangé que du riz. “Sikula kitu” ni “Je n'ai rien mangé”, na “rien” hukaa kabla ya participe passé. Utasikia Wafaransa wakisema “j'ai pas mangé” bila “ne”. Kwenye mazungumzo ni kawaida. Kwenye mtihani iandike.

Kunywa chai, kunywa supu, kunywa uji, kunywa dawa: zote ni “boire”?

La, na hili linaleta kutoelewana kwa kweli. Mtanzania au Mkenya akikuuliza asubuhi “umekunywa chai?” anauliza kama umepata kifungua kinywa, hata kama kulikuwa na chapati tatu na mayai. Ukitafsiri “Tu as bu du thé ?”, Mfaransa atafikiria kikombe tu, na kama yeye alikunywa kahawa atajibu hapana. Uliza “Tu as pris ton petit déjeuner ?” Kitenzi “prendre” ndicho kinachobeba milo na vinywaji kwa ujumla: j'ai pris un café, j'ai pris le petit déjeuner, j'ai pris le plat du jour.

Supu kwa Kifaransa huliwa kwa kijiko, kwa hiyo kwa kawaida ni “j'ai mangé de la soupe”. Uji ni “de la bouillie”, nao vilevile huliwa. Dawa, iwe ya maji au ya vidonge, ni “prendre”: j'ai pris mes médicaments.

Déjeuner, dîner, souper: mbona mwalimu wangu na jamaa yangu wa Bukavu wanatofautiana?

Kwa sababu wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwao. Nchini Ufaransa mlo wa asubuhi ni le petit déjeuner, wa mchana le déjeuner, wa jioni le dîner. Watoto hupata na le goûter alasiri, karibu na saa zetu za chai ya saa kumi. Nchini Ubelgiji, Uswisi na Québec mpangilio wa zamani umebaki: le déjeuner ni asubuhi, le dîner ni mchana, le souper ni jioni. Kongo, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Ubelgiji, na Kifaransa chao kimebeba mengi ya huko. Ndiyo maana Mkongomani huhesabu septante na nonante kwa sabini na tisini, na ndiyo maana kwake “j'ai dîné à treize heures” ni sentensi ya kawaida, ilhali Mparisi ataishangaa.

Ushauri wangu: kama unajifunza kwa ajili ya Goma, Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, fuata wenyeji. Kama ni kwa ajili ya mtihani wa Ufaransa, fuata mpangilio wa Ufaransa. Ukiwa na shaka, taja wakati badala ya jina la mlo: ce matin, j'ai mangé…, à midi, j'ai mangé…, hier soir, j'ai mangé… Hapo hakuna wa kukuelewa vibaya.

Jambo dogo la sarufi: “déjeuner” na “dîner” kama vitenzi hazifuatwi moja kwa moja na chakula. Sema “J'ai déjeuné” ukaishia hapo, au “Au déjeuner, j'ai mangé du riz.”

Nataje saa na siku?

Kumbuka tofauti ya saa sita. “Nilikula saa mbili usiku” ni “J'ai dîné à vingt heures.” “Saa saba mchana” ni “à treize heures”. Mwanafunzi anayetafsiri “saa mbili” kwa “deux heures” amejialika chakula cha usiku wa manane.

“Jana usiku” ukizungumzia mlo ni “hier soir”. “La nuit dernière” ni usiku wa kulala. Juzi ni “avant-hier”, juzijuzi ni “l'autre jour”, Jumamosi iliyopita ni “samedi dernier”, na siku tatu zilizopita ni “il y a trois jours”, ambayo husimama mbele au nyuma ya sentensi bila tatizo.

Lini natumia passé composé na lini imparfait?

Hili ndilo swali kubwa, na mtego uko kwenye -li- yetu. “Nilikula uji” inaweza kuwa jana asubuhi, na inaweza kuwa utotoni mwako wote. Kiswahili kinaiachia sentensi iliyobaki ieleze. Kifaransa kinataka uamue ndani ya kitenzi. Mara moja, kikaisha: “Hier matin, j'ai mangé de la bouillie.” Mazoea ya siku zile, na huo ndio imparfait: “Quand j'étais petit, je mangeais de la bouillie tous les matins.”

Jaribio ninalowapa wanafunzi ni hili. Chukua sentensi yako ya -li- uone kama unaweza kuigeuza “nilikuwa niki-” au “nilikuwa na-” bila kuharibu maana. “Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikila uji kila asubuhi”: inakubali, ni imparfait. “Jana nilikuwa nikila uji nikashiba”: haikai vizuri, ni passé composé. Jaribio hilohilo linafanya kazi kwa kitendo kilichokatizwa. “Nilikuwa nakula simu ilipolia” ni “Je mangeais quand le téléphone a sonné.” Kula kulikuwa kunaendelea, simu ikaingia mara moja.

Hali na sifa za wakati uliopita karibu zote huenda kwenye imparfait. Chakula kilikuwa kitamu: C'était bon. Nyama ilikuwa ngumu: La viande était dure. Nilikuwa na njaa: J'avais faim. “J'ai eu faim” ipo, ila maana yake ni kwamba njaa ilinishika wakati fulani, labda katikati ya safari. Kwa hiyo hata katika habari fupi kabisa ya mlo utahitaji nyakati mbili: kimoja cha yaliyotendeka, kingine cha namna yalivyokuwa. “J'ai goûté le fromage. C'était fort.”

Na -ka- je? Ile -ka- inayosukuma hadithi mbele, “tukaenda, tukaagiza, tukala, tukarudi”, ni passé composé kila mara, ikisaidiwa na d'abord, ensuite, puis, enfin: “Nous sommes allés en ville, nous avons commandé des brochettes, puis nous avons mangé et nous sommes rentrés.” Ukijua kusimulia kwa -ka-, tayari unajua wapi passé composé inakaa.

“Les mangues que j'ai mangées”: hizo herufi za mwisho zimetoka wapi?

Kitenzi chenye “avoir” kinapotanguliwa na kitu kilicholiwa, participe passé hupatana nacho. J'ai mangé les mangues: maembe yako nyuma, hakuna mapatano. Les mangues que j'ai mangées: maembe yametangulia, ya kike, wingi, basi -es. Kwa msemaji wa Kiswahili wazo hili si geni hata kidogo. Tunasema “maembe niliyokula” na “ndizi nilizokula”, na kitenzi kinabeba alama ya kilicholiwa.

Mara nyingi mapatano hayo hayasikiki, ni ya maandishi tu. Husikika kwenye participe passé zinazoishia na konsonanti: la soupe que j'ai prise, les crêpes que j'ai faites. Ukitumia “en”, hakuna mapatano: Des mangues ? J'en ai mangé.

“En” yenyewe izoee mapema, maana bila yake utarudia jina la chakula kila sentensi. Tu as pris du poisson ? Oui, j'en ai pris. Non, je n'en ai pas pris. J'en ai mangé deux morceaux.

Bien, trop, déjà, hier: hukaa wapi?

Maneno mafupi ya namna na kiasi hukaa katikati: j'ai bien mangé, j'ai trop mangé, j'ai beaucoup bu, j'ai déjà goûté. Ya wakati na mahali hukaa nje: j'ai mangé tard, j'ai mangé hier, j'ai mangé ici.

Kuna matamshi ya kuangalia zaidi?

Manne. La kwanza, “poisson” na “poison”. Yenye s mbili hutamkwa s, yenye s moja katikati ya vokali hutamkwa z, na hiyo ya pili ni sumu. Sisi tunatofautisha s na z tangu utoto, kwa hiyo hakuna kisingizio. “Dessert” na “désert”, jangwa, ni vivyo hivyo.

La pili, “ils ont mangé” hutamkwa kwa z kati ya maneno mawili ya mwanzo. Ukitia s, msikilizaji atasikia “ils sont”, wao ni. La tatu, u ya “bu” si u yetu. Tamka i, kisha bila kusogeza ulimi viringa midomo kama unayepuliza moto. La nne, “haricots” haikubali kuunganishwa: sema “de ariko”, usitie z. Na yai moja, “un œuf”, husikika na f, lakini mayai, “des œufs”, f hupotea.

Vyakula vya kwetu nivitajeje?

Taja jina lake, kisha eleza. “J'ai mangé de l'ugali, une pâte de farine de maïs.” Mashariki ya Kongo hutahitaji maelezo: fufu, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, zinajulikana hata mtu anapozungumza Kifaransa. Kwingine sombe ni “des feuilles de manioc”. Mishkaki ni “des brochettes”, neno linalotumika kila kona ya Bujumbura na Kigali. Nyama choma ni “de la viande grillée”, maandazi ni “des beignets”, ndizi za kupika ni “des bananes plantains”. Mchele na wali vyote ni “riz”. Wali wa nazi uuite “du riz cuit au lait de coco”, kwa kuwa “riz au lait” pekee ni kitindamlo chenye sukari, na Mfaransa akiusikia pamoja na samaki atachanganyikiwa.

Nasemaje kwamba nilifunga?

“J'ai jeûné.” Iangalie karibu na “j'ai déjeuné”, nilikula cha mchana, ambayo ni kinyume chake kabisa. Zina asili moja: “déjeuner” ni kuvunja mfungo. Futari husimuliwa hivi: “Nous avons rompu le jeûne avec des dattes et de l'eau.”

Nafanya kazi hotelini. Nimwulizeje mgeni?

Kwa “vous”, hata kama ni kijana kuliko wewe, mpaka yeye mwenyewe aanze “tu”. “Vous avez bien mangé ?” “Vous avez pris votre petit déjeuner ?” “Ça vous a plu ?” Akikujibu “C'était délicieux”, umemaliza. Akisema “C'était bien”, uliza zaidi, kwa sababu chakula kitamu huitwa “bon”. Na ukimwongezea kitu akakujibu “merci” huku akitikisa mkono, amekataa.

Mgeni akikuuliza ulikula nini kwake Ufaransa au kwenye mgahawa wa Kifaransa, kumbuka kwamba mlo wao hupangwa kwa hatua, desturi iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2010. “En entrée, j'ai pris une salade. Comme plat, j'ai choisi du poisson. En dessert, j'ai pris une glace.” “Entrée” ni chakula cha kufungulia mlo.

Mtihani wa DELF A2 unanitaka nijue haya yote?

DELF ni cheti cha Kifaransa kwa wageni wa lugha hiyo, na A2 ni ngazi yake ya pili. Unakutaka ujue kusimulia. Sehemu ya kuandika ina dakika 45 na kazi mbili, kila moja maneno 60 au zaidi, na mojawapo huwa ni kueleza tukio au jambo lililokupata. Kila sehemu ya mtihani ina alama 25, jumla 100. Unafaulu kwa 50, ilimradi usiwe chini ya 5 katika sehemu yoyote. Habari ya mlo inafaa sana kwa sababu inakusanya “avoir”, “être”, ukanushi na imparfait mahali pamoja. Soma mfano huu, ulioandikwa kama na mwanamke:

“Samedi dernier, nous sommes allés chez ma tante à Bagamoyo. Il faisait chaud et tout le monde avait faim. Ma tante avait préparé du riz, du poisson grillé et des haricots. D'abord, nous avons bu du jus de tamarin, ensuite nous avons mangé ensemble. J'ai pris deux assiettes de riz, mais je n'ai pas mangé de haricots. Le poisson était un peu salé, mais très bon. En dessert, on a coupé un ananas. Ma petite sœur n'a rien laissé. Après le repas, nous avons fait la vaisselle, puis je me suis reposée. Nous sommes rentrés le soir.”

Chukua mstari mmoja mmoja ubadilishe: shangazi awe babu, Bagamoyo iwe kwenu, samaki awe kuku. Kisha funika karatasi uisimulie kwa mdomo. Ukifika “je n'ai pas mangé de haricots” bila kusita, ukanushi umekuingia.

Kitabuni nimekuta “il mangea” na “elle but”. Nijifunze na hizo?

Jifunze kuzitambua tu. Hiyo ni passé simple, wakati uliopita wa hadithi zilizoandikwa. “Il mangea” ni alikula, “elle but” ni alikunywa, “ils burent” ni walikunywa. Mezani hakuna anayezisema.